Gasketi Imeungua, Lakini Nani Kaichoma?

Oktoba inapofika na minada ya korosho kuanza katika vyama vikuu vya MAMCU na TANECU, magari ya Masasi na Newala huingia kwenye kazi nzito. Canter hupandishwa magunia mpaka turubai linakataa kufunga, Noah na Hiace hujaza abiria pamoja na mizigo yao, na mvua bado hazijaja kupoza ardhi. Hapo ndipo mkasa mmoja hujirudia. Gari linachemsha likipandisha kuelekea Newala, linamwagiwa ndoo ya maji, linafika kwa taabu. Kesho yake linatoa moshi mweupe, na maji yanapungua bila kuonekana yanakovujia. Boneti inafunguliwa nyumbani, fundi anatamka kwamba gasketi ya hedi imeungua, gasketi inaagizwa Dar es Salaam na kuletwa na basi, inafungwa, gari linaondoka. Kabla msimu haujaisha gari hilo hilo limerudi na ugonjwa ule ule, na lawama inaangukia mahali pa karibu zaidi: spea ilikuwa feki.

Huenda ilikuwa feki kweli. Ila kabla ya kumhukumu muuza spea inafaa kuuliza swali ambalo mara nyingi haliulizwi: gasketi ya kwanza, ile iliyotoka na injini kiwandani na kuishi miaka mingi, iliungua kwa nini? Ndani ya injini, kifaa kinachovunjika ni nadra kuwa ndicho kilichoanza kukosea. Gasketi huungua kwa sababu injini ilichemsha; ringi za pistoni huisha kwa sababu vumbi lilipita; bearing za konrodi huliwa kwa sababu oili haikufika au ilifika ikiwa chafu. Anayebadilisha kifaa na kuacha sababu yake ameahirisha tu uharibifu, tena kwa gharama. Kwa mtu anayetengeneza gari lake nyumbani huku kusini, karibu kilomita 600 kutoka maduka ya spea ya Kariakoo, kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni ile inayofanywa kabla ya kuagiza chochote: kumtafuta aliyekiua kifaa. Kufungua na kufunga boliti ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Tuanze na gasketi, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Kazi yake ni kuziba pale hedi inapolala juu ya bloku, na katika nafasi ile nyembamba hutenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa mwako, maji ya kupoozea na oili. Katika injini nyingi za zamani bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Injini ikiwa kwenye joto lake la kawaida, waliobuni walishaipigia hesabu tofauti hiyo. Ikichemsha, hedi hutaka kutanuka kuliko ilivyopangiwa, boliti huibana, na kwa kuwa haina pa kwenda, inapinda. Ikipoa hairudi sawasawa. Katika injini nyingi ndogo za petroli za Toyota, mpindo unaoruhusiwa kwenye uso wa hedi hauzidi milimita 0.05, yaani nusu hivi ya unene wa karatasi ya daftari. Jicho haliwezi kuona hicho, wala kidole hakiwezi kukihisi. Kinachoonyesha ni rula ya chuma iliyonyooka kikamilifu, ikilazwa kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, huku jani jembamba la fila geji likijaribu kupenya chini yake. Jani likipenya, hedi inahitaji kupelekwa kwenye mashine ya kusawazisha, na gasketi mpya ikifungwa juu ya hedi iliyopinda itaungua hata kama imetoka kiwandani Japani jana.

Hata hivyo, hedi iliyopinda nayo ni matokeo. Bado hatujajua kwa nini injini ilichemsha, na hapa mazingira ya Newala yana la kusema. Mji uko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka pale katika nyuzi 98 hivi. Mfumo wa kupoozea hauko wazi. Mfuniko wa rejeta una springi inayoshikilia shinikizo, kwa kawaida karibu bar 0.9 juu ya shinikizo la hewa ya nje, na shinikizo hilo husogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 117 hivi. Injini hufanya kazi ikiwa na maji ya nyuzi 85 hadi 100, kwa hiyo akiba ipo ya kutosha. Mpira wa mfuniko ukikauka na kupasuka, shinikizo linatoka na akiba yote inakwenda nayo. Mlima ule ule, mzigo ule ule, na maji sasa yanageuka mvuke ndani ya hedi. Mvuke haupoozi chuma kama maji yanavyopooza. Kwa hiyo inawezekana kabisa gasketi, hedi na siku kadhaa za kazi zipotee kwa sababu ya mfuniko, kifaa cha bei ndogo mno ukikilinganisha na vyote hivyo, na wengi hawakikumbuki kwa sababu kiko nje na kinaonekana kizima.

Kinachofuata ni maji yenyewe. Uwanda wa Makonde una sifa ya kukosa mito na vijito. Mvua huzama kwenye mchanga, na maji ya bomba ya Newala hulazimika kusukumwa kupanda kutoka bonde la Kitangari. Mahali ambapo ndoo ya maji ya kunywa ina thamani, dereva hujaza rejeta kwa yale anayoyapata. Maji yoyote ya kisima au bomba yana chumvichumvi zinazobaki kama ukoko maji yanapopata joto, na yana hewa inayolisha kutu. Ukoko huziba vijia vyembamba vya rejeta, kutu hula panga za pampu ya maji, na aluminiamu ya hedi huliwa polepole kuzunguka matundu ya maji, pale pale gasketi inapotakiwa kuziba. Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi peke yake, kama inavyodhaniwa. Ina dawa za kuzuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi huongeza kiwango cha kuchemka hata kabla shinikizo halijahesabiwa. Gari lenye rejeta ya maji ya rangi ya udongo linamweleza fundi chanzo cha matatizo kabla hajashika spana.

Kuhusu thamostati nitasema wazi: desturi ya kuing'oa na kuitupa kwa imani kwamba nchi yetu ni ya joto imeharibu injini nyingi. Valvu hiyo ndogo hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ikiondolewa, injini huchukua muda mrefu kupata joto, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, na unyevu haukauki ndani ya oili. Baya zaidi, thamostati za injini nyingi za Toyota zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato pindi valvu inapofunguka, ili maji yote yapitie kwenye rejeta. Thamostati isipokuwapo njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa, na gari lililong'olewa kifaa ili lisichemshe linachemsha kwa sababu kimeng'olewa. Kuipima ni kazi ya jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa moto, isiguse chini, na utazame. Ikifunguka kabla maji hayajachemka na kujifunga yakipoa, ni nzima. Ikibaki imefunga hadi mwisho, mhalifu umempata.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha hoja hii kuliko mingine. Injini ya Toyota 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye Harrier, Alphard na RAV4 za miaka ya mwanzo ya 2000, magari tuliyoyaingiza nchini kwa wingi, ina bloku ya aluminiamu. Katika zile za awali, nyuzi za matundu ya boliti za hedi, hasa upande wa nyuma, huchoka na kulegea. Boliti inabaki mahali pake lakini haibani tena. Hedi inainuka kiasi kisichoonekana, maji yanavuja taratibu nyuma ya injini yakikauka kabla hayajadondoka, na siku moja gari linachemsha. Fundi akifungua, anakuta gasketi imeharibika, na kweli imeharibika. Akiweka mpya na kukaza boliti kwenye nyuzi zilizokwisha, boliti inazunguka bila kushika, au inashika kidogo na kuachia baada ya safari chache. Dawa yake ni kutoboa matundu upya na kuingiza nyuzi za chuma, kazi inayohitaji vifaa maalumu na mkono uliotulia. Ndiyo maana wenye magari haya wanaokwenda kununua gasketi ya pili na ya tatu wananunua kitu ambacho hakijawahi kuwa tatizo lao.

Vumbi lina njia yake ya kuua, ya polepole zaidi na kwa hiyo ngumu kuigundua. Uwanda wa Makonde umejengwa na mawe ya mchanga, na barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi kwa sehemu kubwa. Kipande cha kilomita 50 hadi Mnivata ndicho kilichotangulia kupata lami, na ujenzi wa kilomita 160 zilizobaki ulifuata kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami ya barabara kuu haifiki kwenye mikorosho, na magunia hutoka mashambani. Sasa fanya hesabu. Lita moja ya petroli ili iungue vizuri inahitaji hewa lita 9,000 hivi. Gari linalotumia lita 30 kwa siku limevuta ndani yake zaidi ya lita 250,000 za hewa ya njia ile, na kati ya hewa hiyo na pistoni kuna filta ya karatasi tu. Chembe za mchanga wa kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na zile hatari zaidi ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye nafasi ya oili kati ya vyuma viwili. Zikichanganyika na oili, silinda inasuguliwa kama sufuria inavyosuguliwa kwa mchanga, mara maelfu kwa dakika.

Kwa hiyo gari likianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na ringi zikaonekana zimekwisha, swali halijajibiwa kwa kuagiza ringi. Chukua kitambaa cheupe ukipitishe ndani ya mpira wa hewa, upande wa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, hewa chafu imekuwa ikipita: labda filta iliyochanika kwa kupulizwa na kompresa kila mara, labda kibano kilicholegea, labda mpira wenye ufa uliofungwa kwa kamba. Ringi mpya zikifungwa kwenye silinda hiyo na mpira huo ukaachwa, zitaisha kama zilivyoisha za kwanza, tena mapema zaidi, kwa kuwa kuta za silinda nazo sasa zimeshapanuka. Waendesha bodaboda wanalijua tatizo hili hata kama hawalisemi hivyo: pikipiki moja hubadilishwa silinda na pistoni mara baada ya mara, huku sponji ya hewa iliyoliwa na petroli ikiachwa ndani ya boksi lake kwa miaka.

Je, inawezekana kujua haya bila kuifungua injini yote? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na hapa kifaa kinachostahili kununuliwa kabla ya spea yoyote ni geji ya kompresheni. Unaondoa plagi zote, unakata mfumo wa moto na wa petroli, unabana geji kwenye tundu la kwanza, mtu anakanyaga mafuta hadi chini na kuzungusha staata. Injini nzima ya petroli hutoa bar 10 hadi 14, kutegemea aina, lakini kinachozungumza zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi bar 1 kuna jambo. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, shaka ya kwanza ni gasketi iliyoungua katikati yao. Silinda moja ikiwa chini, dondoshea kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda, oili imeziba kwa muda nafasi ya ringi zilizokwisha. Ikibaki pale pale, hewa inatokea kwenye valvu au kwenye gasketi, na ringi hazina kosa. Kipimo hiki cha kijiko ni cha injini za petroli. Usikijaribu kwenye dizeli, ambayo huwasha kwa mgandamizo na inahitaji geji yenye uwezo mkubwa zaidi. Kwa muda usiofika saa moja mwenye gari ameshajua kama anahitaji ringi, valvu au gasketi, vitu vitatu vyenye bei tofauti na ukubwa tofauti wa kazi, ambavyo kwa kusikiliza tu mlio au kutazama moshi huchanganywa kila siku.

Injini iliyonoki ndiyo inayopoteza fedha nyingi zaidi, na ndiyo inayosomeka vizuri zaidi. Bearing za konrodi ni vipande viwili vya nusu duara vyenye tabaka laini juu ya chuma, na ukivitoa na kuvipanga kwa mfuatano wa silinda juu ya gazeti safi, kila kimoja kina maelezo yake. Kikiwa na michirizi inayozunguka na chembe zilizojichimbia, kimeuawa na uchafu. Kikiwa kimefutika tabaka la juu hadi rangi ya shaba inaonekana, na mhimili wa krankshafti una weusi au ubluu, kimeungua kwa kukosa oili. Kimoja kikiwa kimeharibika na vingine vizima, tafuta sababu ya pale pale: kijia kilichoziba, konrodi iliyopinda. Vyote vikiwa vimeharibika kwa namna moja, rudi nyuma hadi kwenye pampu ya oili, kwenye chujio lake lililo ndani ya sampu, na kwenye tabia ya mwenye gari ya kuongeza oili badala ya kuibadilisha. Anayetupa bearing za zamani kwenye ndoo ya chuma chakavu mara tu zinapotoka ametupa taarifa pekee aliyokuwa nayo. Bearing mpya juu ya krankshafti ambayo haijapimwa, ndani ya injini ambayo vijia vyake bado vina chenga za bearing za zamani, huweza kunoki kabla hata gari halijafika Ndanda.

Zipo pingamizi, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya mwenye gari la biashara: msimu wa korosho haungoji, kila siku gari linapolala ni fedha iliyopotea, hivyo badilisha twende. Naielewa, lakini hesabu yake inakwenda kinyume chake. Spea inayotoka Dar es Salaam inakula usiku mmoja au zaidi njiani, na gari limesimama muda wote huo; vipimo vyote nilivyovitaja huingia ndani ya siku ile ya kusubiri bila kuongeza hata saa moja. Kinachochelewesha kazi hasa ni agizo la pili, pale inapogundulika baada ya kufungua kwamba kilichotakiwa ni kingine. Pingamizi la pili ni kwamba mafundi wa gereji bubu hawana vifaa vya kupimia. Ni kweli kwa wengi wao. Lakini rula nyoofu, fila geji, geji ya kompresheni na spana ya kukazia kwa kipimo ni vifaa vinavyoweza kununuliwa na mafundi kwa kuchangiana, na vikatumika kwa magari ya mtaa mzima kwa miaka. Gasketi feki moja ya hedi haidumu hivyo.

Pingamizi la tatu linavutia zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake: kwa nini kuhangaika na uchunguzi wakati unaweza kubadilisha seti nzima, au kununua injini ya mtumba ya Japani na kumaliza kazi? Nakiri kwamba kuna vifaa visivyohitaji uchunguzi wowote, vinavyotakiwa kutolewa kwa umri tu. Mkanda wa taimingi ndio mfano mkuu. Kwenye injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser hardtop, mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na anayengoja ukatike atagonganisha valvu na pistoni. Hata hapo, ukikatika kabla ya wakati, uliza. Kwenye 3S-FE ya Noah za zamani mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, na pampu iliyokwama hukata mkanda mpya kama ilivyokata wa zamani. Injini ya mtumba nayo ina mahali pake, pale bloku inapokuwa imetoboka au krankshafti imekatika. Lakini injini hiyo itafungwa kwenye rejeta ile ile yenye ukoko, na mpira ule ule wa hewa wenye ufa, na itapanda mlima ule ule. Na kwa kuwa namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, mabadiliko hayo lazima yafikishwe TRA, jambo ambalo wengi hulikumbuka siku ya kuuza gari.

Kuna waliojaribu njia ya kununua tu, tena kwa hazina ya serikali ya Uingereza, jirani kabisa na hapa. Mpango wa karanga ulioanza 1947, uliokuwa na mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulitegemea kwa sehemu matrekta ya mtumba ya jeshi yaliyonunuliwa Ufilipino. Mwaka huo huo wa kwanza sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imesimama, mafundi wachache, spea hazitoshi, na zana zinaliwa na udongo wenyewe. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake nayo iling'olewa baadaye. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, na injini ni mojawapo tu, lakini hakuna aliyeweza kununua spea haraka kuliko udongo ule ulivyozimaliza.

Na spea feki? Zipo, ni nyingi, na Tume ya Ushindani imepewa mamlaka ya kuzikamata chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Sitetei anayeziuza. Ninachosema ni kwamba tuhuma hiyo nayo ina ushahidi wake, na haupatikani kwa hasira. Ilaze gasketi iliyoungua juu ya ile ya kwanza: matundu yanalingana, unene ni mmoja, pete za chuma za kuzunguka silinda zipo? Kama vinalingana na alama ya moto iko kati ya silinda zile zile mbili kama mara ya kwanza, tafuta kwenye hedi. Kama matundu ya maji ni madogo au hayapo, muuzaji ana la kujibu, na sasa una kitu mkononi cha kumwonyesha.

Mwisho ni suala la mipaka ya nyumbani. Injini inaweza kufunguliwa chini ya mkorosho na ikatoka salama, ilimradi vumbi lile lile lililoiua lisiingizwe upya wakati wa matengenezo. Silinda zifunikwe kitambaa safi muda wote zikiwa wazi. Mabaki ya gasketi ya zamani yasisuguliwe kwa msasa juu ya bloku iliyo wazi, kwa kuwa chenga za msasa ni ngumu kama kwatzi na huishia kwenye oili. Matundu ya boliti yakaushwe, maana oili iliyobaki chini yake inaweza kupasua bloku boliti inapokazwa. Boliti za hedi zifunguliwe injini ikiwa imepoa, kuanzia pembeni kwenda katikati, na zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Kusawazisha hedi, kuchonga krankshafti na kuweka nyuzi mpya si kazi za nyumbani, na fundi anayesema atasawazisha hedi kwa msasa juu ya kioo anakuambia, bila kujua, kwamba hana rula.

Ukiwa umeshajua aliyekiua kifaa, agiza, na agiza kwa namba ya injini na ya chesisi, usiagize kwa jina la gari peke yake. Kifaa cha zamani usikiache gereji. Kiombe, kifunge kwenye karatasi, andika tarehe na kilomita za dashibodi, ukiweke mahali pakavu mpaka msimu uishe, kwa sababu gari likirudi na tatizo lile lile hicho ndicho utakacholinganisha. Fundi akikuambia amekitupa, usimlipe mpaka akiokote.